Akina Mama Saba na Kitabu Kimoja Kigumu

Mama msomaji, ni lini mara ya mwisho uliposoma kitabu kizima, tangu ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho? Hatusemi daftari la mtoto unalolikagua jioni. Twasema kitabu. Wengi wetu tutajibu kwamba tangu tuolewe hatujapata nafasi hiyo. Kuna maji, mkaa, chakula, shamba, biashara ndogo, vikao vya harusi na misiba ya majirani. Siku huisha kabla kazi hazijaisha.

Sisi nasi tulikuwa tukijibu hivyo hivyo. Sisi ni akina mama saba wa mtaa mmoja hapa Morogoro. Mmoja ni mwalimu mstaafu, mmoja muuguzi, mmoja karani, mmoja fundi wa kushona nguo, wawili wanauza nafaka sokoni, na mmoja ni mkulima. Tulikuwa tukikutana kwa ajili ya upatu. Fedha zikishapokewa na chai ikishanywewa, kilichobaki kilikuwa kuwazungumza wale ambao hawakuwapo.

Siku moja mwalimu wetu alisema, "Dada zangu, maisha ya mtaa huu tumekwisha kuyachambua yote. Sasa tuchambue ya mtu tusiyemjua." Akatoa mkobani kitabu chembamba cha Kiingereza, kilichochakaa. Kilikuwa Kifo cha Ivan Ilyich, cha mwandishi wa Kirusi Leo Tolstoy. Tulicheka, kisha tukanyamaza. Mmoja akauliza, "Kifo? Hakuna chenye jina zuri zaidi?" Mwalimu akajibu kwamba mwenye kuogopa jina ndiye hasa anayekihitaji.

Twataka kuwasimulia yaliyotupata kwa kukisoma kitabu hicho, kwa sababu yalifika mpaka ndani ya nyumba ya mmoja wetu. Yeye mwenyewe ametuambia tuyaandike, mradi jina lake tusilitaje.

Kitabu kilichopita jikoni

Tolstoy alizaliwa mwaka 1828 katika shamba la ukoo wao liitwalo Yasnaya Polyana, kusini mwa Moscow. Mama yake alifariki kabla yeye hajatimiza miaka 2, na baba yake akafariki mwaka 1837. Mwaka 1862 alimwoa Sofia, binti wa miaka 18, nao wakapata watoto 13. Mama huyo, pamoja na ulezi wote huo, ndiye aliyenakili kwa mkono miswada ya mumewe iliyojaa mafuto na masahihisho, na baadaye akasimamia uchapishaji wa vitabu vyake. Tulipoyasikia hayo, mmoja wa wauza nafaka alisema, "Basi hiki kitabu kimepita jikoni kabla ya kufika kwetu."

Watu wengi humjua Tolstoy kwa riwaya zake kubwa mbili, Vita na Amani na Anna Karenina. Kifo cha Ivan Ilyich kilitoka baadaye, mwaka 1886. Ni kifupi, na kina sura 12 tu. Hadithi yake yamhusu hakimu mwenye cheo, aliyeishi kwa heshima na kwa kufuata desturi za wakubwa wenzake, kisha akaugua na kufa akiwa na umri wa miaka 45. Tolstoy aliipata mbegu ya hadithi hiyo katika kifo cha mtu wa kweli, Ivan Ilyich Mechnikov, mtumishi wa mahakama katika mji wa Tula, aliyefariki mwaka 1881.

Tulikubaliana kusoma sura moja kila baada ya majuma mawili, Jumamosi saa kumi jioni. Nakala zetu zilikuwa mbili tu, nazo ni za tafsiri ya Kiingereza ya Louise na Aylmer Maude. Watatu kati yetu ndio wanaokifahamu Kiingereza vizuri. Kwa hiyo mmoja alisoma sentensi kwa Kiingereza, mwingine akaitia katika Kiswahili, na wote wakauliza maswali mpaka ieleweke. Siku ya kwanza tulimaliza kurasa mbili na nusu.

Fundi wetu wa nguo, aliyeishia darasa la saba, nusura aache. Alisema, "Nyie someni, mimi nitawapikia chai." Tulimkatalia. Tukaweka sharti kwamba hakuna kumcheka mtu, na kwamba anayeuliza ndiye anayetangulia kumiminiwa chai. Tangu hapo yeye ndiye aliyeongoza kwa kuuliza, na mara nyingi maswali yake yaliwakwamisha hata wale waliojiona wanaelewa.

Hatukuwa wa kwanza

Yafaa tuseme kwamba desturi hii si yetu sisi. Mwaka 1995 mwalimu wa fasihi Azar Nafisi, baada ya kuacha kazi ya chuo kikuu mjini Tehran, aliwakusanya wanafunzi wake saba wa kike sebuleni kwake kila Alhamisi asubuhi. Kwa karibu miaka miwili walisoma riwaya ambazo nje ya mlango ule zilikuwa za mashaka. Nafisi aliyasimulia hayo katika kitabu kilichotoka mwaka 2003.

Hali kadhalika, katika gereza la Kisiwa cha Robben huko Afrika Kusini, wafungwa wa kisiasa walipitishiana kwa siri kitabu cha tamthilia za Shakespeare, kilichofunikwa kwa kadi za sikukuu ya Kihindu ili kionekane cha dini. Kila mmoja alitia sahihi kando ya maneno yaliyomgusa. Nelson Mandela alitia yake tarehe 16 Desemba 1977, katika tamthilia ya Julius Caesar. Ni tamthilia ile ile ambayo Mwalimu Julius Nyerere aliitafsiri kwa Kiswahili, ikachapishwa mwaka 1963. Ikiwa wafungwa na rais mwenye kazi nyingi waliona kitabu kigumu kinawafaa, sisi tunaochambua mchele tutasemaje?

Msiba katika sura ya kwanza

Kwanza majina yalitushinda. Warusi wana jina la mtu, kisha jina la baba, kisha la ukoo. Tulipokwama, mkulima wetu alitufumbulia. "Ilyich si mtoto wa Ilya? Na huyu mkewe, Praskovya Fyodorovna, si binti Fyodor? Ni kama bibi yangu alivyoitwa Mwajuma binti Salum." Toka siku hiyo mke wa hakimu tulimwita binti Fyodor, na majina hayakutusumbua tena. Karani aliandika orodha ya watu wote katika karatasi moja tukaibandika ukutani.

Jambo la pili lililotushangaza ni kwamba kitabu kinaanza na msiba. Ivan Ilyich amekwisha kufa. Mahakimu wenzake wanasoma habari hiyo gazetini, na wazo la kwanza la kila mmoja ni nani sasa atapandishwa cheo. Rafiki yake mmoja anakwenda kutoa pole huku akiwaza mchezo wa karata wa jioni. Mjane naye analia, lakini katikati ya kulia anadodosa namna ya kupata fedha zaidi kutoka serikalini.

Tulimlaani sana binti Fyodor siku hiyo. Muuza nafaka mmoja, yule mkimya kuliko wote, ndiye aliyemtetea. "Mnamhukumu bure," alisema. "Mnajua ada ya shule inalipwa na nani mume akishalala kaburini?" Hatukulitilia maanani neno lake. Tulidhani ni mazungumzo ya kitabu.

"Hujambo?" "Sijambo."

Katika sura ya tatu hakimu anapamba nyumba yake mpya mjini Petersburg. Anapanda ngazi kumwonyesha fundi namna ya kutundika pazia, anateleza, anajigonga ubavuni. Ni kitu kidogo mno. Katika sura ya nne maumivu yanaanza, na waganga wanabishana kama ni figo au ni kidole tumbo. Daktari mkubwa anamjibu kwa lugha ya juu, vile vile ambavyo yeye mwenyewe alizoea kuwajibu washitakiwa mahakamani. Muuguzi wetu aliinamisha kichwa. Alisema, "Na sisi huwajibu wagonjwa hivyo. Siku nyingine ni kwa sababu hatuna la kusema."

Ndipo tukafika sura ya saba, na hapo tukakaa mikutano mitatu. Hakimu anazidi kudhoofu. Yeye anajua kwamba anakufa, na wote nyumbani wanajua. Walakini kila anayeingia chumbani anajifanya kwamba ni ugonjwa tu, akitulia na kunywa dawa atapona. Uongo huo unamtesa kuliko maumivu. Anatamani mtu mmoja amwonee huruma kama anavyoonewa mtoto mgonjwa, lakini hawezi kulisema hilo, na wao hawawezi kulitenda. Mtu pekee asiyemdanganya ni Gerasim, kijana wa shamba anayehudumu nyumbani humo. Gerasim anamsafisha bila kukunja uso, na usiku kucha anaibeba miguu yake mabegani kwa sababu hivyo mgonjwa anapata nafuu. Kwake yeye jambo ni rahisi: kila mtu atakufa, basi kwa nini asimsaidie mwenzake?

Tulibishana sana juu ya neno la Kiswahili la kuutaja uongo ule. Karani alitaka tuseme "udanganyifu". Mwalimu akasema hapana, hao hawamdanganyi ili wamwibie. Mkulima akasema, "Sisi twaita kumpa moyo." Hapo kila mtu alinyamaza. Ndiyo, sisi twaita kumpa moyo. Hata salamu yetu ni hivyo. Mtu anaulizwa "Hujambo?" naye akiwa taabani hujibu "Sijambo." Twauliza, "Habari za mgonjwa?" Jibu lazima lianze na "nzuri", ndipo mabaya yafuate nyuma kwa sauti ya chini.

Mmoja wetu alisema kwa ukali kwamba kumwambia mgonjwa atakufa ni kukosa imani. Mwingine akamjibu kwamba kuomba ni jambo moja na kujifanya ni jambo jingine. Hatukupatana, na sura ikabaki imefunguliwa.

Kiti kimoja kitupu

Mkutano uliofuata, yule muuza nafaka mkimya hakuja. Na uliofuata hakuja tena. Tulijua kwamba mumewe alikuwa amelala kitandani kwa muda, akisumbuliwa na tumbo. Tulichukua sukari na matunda tukaenda kumwangalia.

Mama msomaji, tunaona haya kuyaandika haya. Tuliingia chumbani mmoja mmoja. Wa kwanza alisema, "Shemeji, leo uso umejaa, una nafuu kubwa." Wa pili akasema, "Mwezi ujao utakuwa shambani." Wa tatu akazungumzia bei ya mahindi. Shemeji alitutazama tu, akasema ahsanteni. Macho yake yalikuwa ya manjano na miguu imevimba.

Tulipotoka nje hakuna aliyesema neno mpaka tukafika barabarani. Ndipo fundi wetu, aliyeishia darasa la saba, akasema, "Jamani, ile sura ya saba tumetoka kuiigiza."

Mwenzetu alitufuata mpaka kwenye kona. Hapo alitueleza kwamba ni saratani ya ini, na kwamba madaktari walimwita pembeni wakamwambia hakuna la kufanya zaidi ya kupunguza maumivu. Yeye alilibeba neno hilo miezi miwili peke yake. Mumewe hakuambiwa, wala watoto. Kila jioni alikuwa akicheka mbele ya mgonjwa, kisha akienda kulia chooni huku amefungulia maji ya bomba. Aliacha kuja kwetu kwa sababu hakuweza kuketi akisikiliza nyumba yake ikisomwa kwa sauti.

Tulimwomba radhi. Tulisema tutakiacha kitabu. Alijibu kwamba hajui anataka nini.

Muuguzi alizungumza naye kwa faragha. Hakumwambia, "Nenda kamweleze." Alimwambia kwamba si kazi ya mke kutoa hukumu kitandani, wala mgonjwa asilazimishwe kusikia asichotaka. Amwulize tu anaogopa nini, kisha anyamaze asikilize. Mgonjwa mwenyewe ataonyesha anataka kujua kiasi gani. Na kama maswali yatakuwa ya daktari, basi wamwendee daktari pamoja, wote wawili.

Fundi naye alifanya lake. Alishona mto mrefu wa vipande vya vitenge, akaujaza matambara, ili miguu ya shemeji ipate kuinuliwa. Hakueleza amelipata wapi wazo hilo, wala hapakuwa na haja.

Siku chache baadaye, usiku, watoto wakiwa wamelala, mwenzetu aliketi kando ya kitanda akauliza, "Baba watoto, unaogopa nini?" Alikaa kimya muda mrefu. Kisha akamjibu, "Nilikuwa nikingoja uniulize. Nilidhani wewe hujui, nikaogopa kukuvunja moyo."

Miezi miwili kila mmoja alikuwa akimlinda mwenzake kwa uongo ule ule.

Walizungumza mpaka alfajiri. Alimweleza hati za kiwanja ziko wapi, na deni la nani halijalipwa. Alitaja mahali anapotaka kuzikwa. Aliagiza binti yao wa kidato cha tatu asiondolewe shuleni kwa sababu yoyote. Mwisho alisema anataka kumwona mdogo wake, ambaye walikuwa hawasemezani kwa miaka minne kwa ajili ya shamba la urithi. Mdogo mtu alikuja. Hatujui walisemezana nini, lakini alikaa siku tisa, akimwogesha kaka yake kwa mikono yake.

Shemeji alifariki baada ya majuma matano. Alikuwa na maumivu, hatutaki kuwadanganya. Walakini hakufa peke yake katikati ya watu.

"Nipishe"

Kitabu tulikuwa tumekifikisha sura ya kumi. Baada ya matanga hakuna aliyethubutu kukitaja. Ni mjane mwenyewe aliyetuita. "Mmebakiza sura mbili," alisema. "Njooni tuzimalizie kwangu."

Tulizisoma sebuleni kwake. Katika sura ya mwisho hakimu anapiga kelele siku tatu. Mwanawe mdogo, mwanafunzi wa shule, anaingia polepole. Mkono wa baba unaangukia kichwa cha mtoto, naye mtoto anaubusu na kulia. Wakati huo huo hakimu anawaonea huruma, mtoto na mkewe pia. Anataka kusema neno la kuomba msamaha, lakini ulimi unateleza na linatoka neno jingine linalofanana nalo. Maelezo mwishoni mwa nakala moja yalitufahamisha kwamba kwa Kirusi la kwanza ni "prosti", yaani nisamehe, na la pili ni "propusti", yaani niache nipite.

Tulitafuta maneno mawili ya Kiswahili yaliyo karibu namna hiyo. Nusu saa nzima tulitafuta. Mjane ndiye aliyeyapata. "Alitaka kusema nisamehe," alisema, "akasema nipishe." Kisha akaongeza, "Mimi wangu alisema nisamehe, na ilitoka sawasawa, kwa sababu alisema mapema."

Ikiwa nanyi mngependa

Wengi wametuuliza waanzeje. Twashauri haya machache. Msizidi watu wanane, ili kila mmoja apate kusema. Chagueni kitabu kifupi lakini kigumu, kwa maana kitabu chepesi mtu hukimaliza peke yake na hakina cha kuulizana. Someni kwa sauti, sura moja au nusu sura, wala msione aibu kurudia ukurasa. Andikeni majina ya watu ukutani. Kama kitabu ni cha lugha ya kigeni, mabishano juu ya neno moja si kupoteza muda. Sisi mengi tuliyoyapata tuliyapata humo. Msiifanye kuwa darasa la mtu mmoja. Na yasemwayo katika kikao yabaki kikaoni, mpaka mwenyewe aruhusu.

Tulipanga miezi sita; tulimaliza baada ya miezi kumi, kwa sababu ya kilimo, mitihani ya watoto na msiba. Wahenga walisema mwenda pole hajikwai. Sisi tulijikwaa, tena mlangoni pa mgonjwa, lakini kwa kuwa tulikwenda pole tulitambua tumejikwaa wapi, tukarudi.

Kiti cha saba sasa hakiko kitupu. Mwenzetu huja, na binti yake, ambaye bado yuko shuleni, huja naye kutusomea Kiingereza pale macho ya mwalimu yanapochoka. Wiki iliyopita, tulipokuwa tukipanga kitabu kijacho, tulimwuliza mjane kama angependa safari hii tusome cha kuchekesha. Alifikiri kidogo akasema, "Chochote. Ila tusome polepole."